Mshumaa uliozimika kwenye foleni ya maji

KANDO YA NJIA
Na Pius Amukoye

Usiku wa mkesha wa Pasaka nilisimama kanisani na mshumaa mkononi. Tukirudia ahadi za ubatizo, padri alipotuuliza kama tunamkataa Shetani, niliitika kwa sauti iliyowashinda wanakwaya.

Siku mbili baadaye mifereji ilikauka hapa Kawangware 56, Nairobi. Kwa muuza maji foleni ilikuwa imepinda kona. Nikamsalimia kijana wa pale, tunajuana, na mtungi wangu ukajikuta mbele. Bibi mmoja tuliyekesha naye akanitazama, akasema polepole: "Baba, mshumaa wako umezimika mapema."

Tunapobatizwa tunapakwa krisma ili tushiriki ukuhani, unabii na ufalme wa Kristo. Ni vyeo vizito kwa mpangaji wa chumba kimoja cha mabati. Lakini kuhani kazi yake ni kusali, nabii ni kusema kweli, na mfalme wa namna hii huosha miguu ya wengine. Bibi yule alikuwa nabii. Mimi nilitaka ufalme wa kuruka foleni.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walipokutana Nairobi mwaka 1976 walisisitiza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ili imani iishi pale watu wanapoishi. Kwenye ploti zetu ndivyo ilivyo: viatu vimerundikana mlangoni, Injili inasomwa, kisha linakuja swali, "Nani hatujamwona wiki hii?" Rozari ikiisha, mmoja anabeba uji, mwingine mtungi, wanaelekea kwa mgonjwa. Sala inaendelea njiani.

Shetani wa 56 hana pembe. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, vibanda vilichomwa hapa na jirani akamwogopa jirani kwa jina lake la ukoo. Siku zile ahadi ya ubatizo ilikuwa swali moja: vijana wa vurugu wakikuuliza nani anaishi mlango wa pili, utajibu nini?

Papa Fransisko alipofika Kangemi, hapo jirani, Novemba 27, 2015, alisema kuinyima familia maji ni dhuluma. Tulimpigia makofi, tukidhani anawasema wakubwa peke yao.

Kijana wa maji bado hunikonyeza nikifika. Siku nyingi nakataa. Siku ninayochelewa kazini, lile jibu la mkesha huwa zito mdomoni.