TANZAM Haikujengwa Ibebe Kila Kitu

Kila foleni ya malori inapoujaza mji wa Tunduma na kurudi nyuma kuelekea Mpemba, na kila basi linapogongana na semitrela kwenye kona za mlima Kitonga, mjadala hurudi palepale: barabara imezidiwa, ipanuliwe. Wapo wanaotaka njia nne kutoka Dar es Salaam hadi mpakani, na wapo wanaotaka barabara ya kasi ya kulipia kuanzia Kibaha hadi Morogoro. Anayedai hivyo ana sababu, kwa kuwa watu wanakufa na bidhaa zinachelewa. Hata hivyo, madai hayo yanachukulia kwamba kazi inayofanywa leo na TANZAM, barabara hiyo ya Tanzania na Zambia, ndiyo kazi iliyojengewa. Historia ya barabara hii inasema vingine, na fedha za upanuzi zikitolewa bila kuisoma historia hiyo, lami mpya itakwenda njia iliyokwenda ya zamani.

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia. Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na mafuta yake pamoja na sehemu kubwa ya shaba yake vilipita kwenye reli ya huyo huyo Smith. Mwezi Desemba mafuta yalikatika. Uingereza, Kanada na Marekani zikaanza kupeleka mapipa kwa ndege, na malori yakaelekezwa kaskazini, kwenye njia ya vumbi iliyotoka Kapiri Mposhi kupita Mpika, Tunduma, Mbeya na Iringa hadi bandarini Dar es Salaam. Malori yalipanda na mapipa ya petroli na dizeli, yakashuka na mabamba ya shaba. Kiangazi dereva hakuona lori lililo mbele yake kwa vumbi. Masika yalizama kwenye tope hadi ekseli, mengine yakabiringika bondeni na mapipa yake. Haikuchukua muda njia ile ikajulikana kama njia ya jehanamu. Mwaka 1966 serikali mbili, kwa ushirika na Waitaliano, zikaunda kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania. Nchi ya wachimba shaba iliishi kwa jasho la madereva hao.

Lakini Nyerere na Kaunda hawakuitegemea barabara peke yake, na hapa ndipo hekima ya mpango wao ilipo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968, na mapipa yakaondoka barabarani. Reli ilikuwa imekataliwa na wataalamu wa Benki ya Dunia mwaka 1964 kwa hoja kwamba haitalipa. Mkataba wake ukasainiwa na China mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 TAZARA ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Kati ya vyote viwili barabara iliwekwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia, Marekani, Sweden na wengine, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia ya jehanamu ikawa imebaki simulizi. Nchi za Magharibi zilitamani barabara ifanye reli ya Mchina ionekane haina haja. Viongozi wetu walikataa kuchagua: walichukua barabara kwa mkono huu na reli kwa mkono huu. Mafuta yalipangiwa bomba, shaba na mizigo mizito ikapangiwa reli, na barabara ikabaki na abiria, mazao ya Iringa na Mbeya, bidhaa za haraka na dharura. Hiyo ndiyo TANZAM iliyojengwa.

Mgawanyo huo ulivunjika polepole. Mwaka 1978 Zambia, ikiwa na mbolea iliyokwama bandarini Dar es Salaam, ililazimika kuifungua tena njia ya kusini, ile ya reli ya Rhodesia. Mwaka uliofuata majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la reli la Chambeshi. Baada ya ubaguzi wa rangi kuondoka Afrika Kusini, shehena ilipata bandari nyingine za kukimbilia, wakati injini za TAZARA zikizeeka, mabehewa yakipungua na serikali mbili zikisukumiana jukumu la kuwekeza. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilifika mahali ikabeba chini ya tani laki moja katika mwaka wa fedha 2014/15. Mzigo wenyewe haukupungua. Migodi ya Zambia na Katanga ilikuwa inafufuka, ikidai salfa na mashine, ikitoa shaba na kobalti. Yote hayo yakapanda semitrela. Ndivyo barabara ya dharura ilivyorithi kazi ya reli bila mtu yeyote kuketi na kuamua kwamba irithi.

Athari yake inapimika. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli. Huongezeka takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ikizidishiwa mzigo ikawa tani 12, ongezeko la sehemu moja ya tano tu, huharibu barabara mara mbili zaidi. Ekseli ya gari dogo yenye nusu tani, kwa hesabu hiyo hiyo, ingelazimika kupita mara 160,000 ili kufanya madhara ya ekseli moja ya tani 10. Maana yake ni kwamba mabasi madogo, pikipiki na magari ya watu binafsi hayahesabiki katika kuchakaa kwa TANZAM. Mifereji miwili ya matairi inayoonekana kwenye vipande vingi vya mlimani, lami ikiwa imesukumwa pembeni kama tuta la shamba, imechimbwa na malori yanayopanda taratibu na tani zao. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori na mzigo wake, na mizani ipo Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba. Lakini hata lori linalotii sheria kikamilifu linakula barabara. Mizani huzuia wizi wa maisha ya lami. Haiwezi kuifanya lami iwe reli.

Watetezi wa malori wana hoja, na ya kwanza ina uzito. Wanasema lori linatoka bandarini na kushusha mzigo mlangoni mwa mgodi wa Kolwezi, ambako TAZARA haifiki. Treni nayo husubiri injini, na mteja hawezi kulisha mgodi kwa ahadi. Ni kweli, na mfanyabiashara aliyeikimbia reli hakuwa mjinga. Lakini hoja hiyo inaeleza jinsi reli ilivyotelekezwa, wala haithibitishi kwamba reli haifai kwa kazi hiyo. Tuchukue treni moja ya mabehewa 20, kila behewa likibeba tani 40. Hizo ni tani 800, mzigo wa malori zaidi ya 25. Salfa na shaba ni bidhaa zinazojulikana mapema, zinakwenda kwa wingi na hazioziki njiani. Lori linaweza kuzipokea Kapiri Mposhi na kuzimalizia safari, kilomita mia kadhaa badala ya safari nzima kutoka baharini.

Hoja ya pili ni ya riziki, na haistahili kupuuzwa. Ilula, Makambako, Uyole, Mbalizi na Tunduma zinaishi kwa magurudumu: mama lishe, mafundi wa matairi, wenye nyumba za wageni, mawakala wa forodha, madereva na utingo wao. Kuhamishia reli mzigo wote kwa siku moja kungewaumiza. Hakuna anayependekeza hivyo, na wala haiwezekani. Biashara ya kanda hii inakua, kwa hiyo malori yatakayobaki bado ni mengi. Tena wanaoishi kando ya TANZAM ndio wanaozika ndugu zao wanaogongwa wakivuka, na ndio wanaokaa na foleni usiku kucha mbele ya milango yao. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kilipunguza karatasi; hakikupunguza idadi ya malori, na ndiyo maana foleni hazijaisha.

Kusema hivi si kupinga kila upanuzi. Kimara hadi Kibaha palihitaji njia nane kwa sababu pale Dar es Salaam imehamia barabarani, na Mbeya mjini panahitaji njia nne na barabara ya mchepuko kwa sababu hiyo hiyo. Hayo ni mahitaji ya miji. Kinachopaswa kutiliwa shaka ni kuwekeza matrilioni ili kupanua njia ya salfa na shaba, huku pembeni yake, kutoka Makambako hadi Tunduma, ikipita reli yenye nafasi tupu. Ushahidi kwamba mgawanyo wa zamani unaweza kurudi tunao tayari. Mwaka 2023 bomba la TAZAMA, ambalo kwa miongo lilibeba mafuta ghafi, liligeuzwa kubeba dizeli iliyo tayari, na dizeli inayopita ndani ya bomba haihitaji lori la tangi kwenye Kitonga. Mwezi Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Wabunge na wananchi wa nchi hizi mbili wana haki ya kudai kwamba mwekezaji yeyote wa reli hii afungwe na kiwango cha tani kwa kila mwaka, kitangazwe hadharani, na kwamba mkandarasi wa kipande chochote kipya cha TANZAM asiitwe kabla serikali haijaonyesha ni tani ngapi za mizigo mizito zitakuwa zimeondoka barabarani siku lami hiyo itakapofunguliwa.