Kadi ya Kliniki Iangaliwe

Mnamo Julai 2025 serikali yetu iliendesha kampeni ya kuchanja watoto dhidi ya surua, rubela na homa ya matumbo. Hata hivyo, wapo wazazi wasemao ati chanjo huleta utasa, au ati imani yao hairuhusu. Je, shule iwapokee watoto wao hivyo hivyo?

Mimi nasema msamaha utoke kwa daktari pekee. Surua haiulizi dini. Huzuilika watoto 95 katika kila 100 wakiwa wamechanjwa. Chanjo ya kwanza hutolewa kwa miezi 9. Kitoto cha miezi 6 kitakingwa na nani kama si sisi ndugu zake? Na huku Kericho na Bomet, nyumba za wafanyakazi wa majani chai zimebanana!

Lakini kumfukuza mtoto shule? La hasha! Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Siku ya kliniki ni siku bila mapato, ingawa chanjo yenyewe ni ya bure. Basi kadi ikikosa alama, muuguzi aje shuleni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.