Watoto wa mpakani nao wapewe uwanja

Mzazi unayevuka mpaka kila asubuhi kutafuta riziki, hebu jiulize: tangu ulipomwacha mtoto wako kwenye kituo cha malezi saa moja asubuhi hadi ulipomrudia saa kumi na mbili jioni, alikaa nje kwa muda gani? Swali hili nawauliza hasa wakazi wa Busia na Malaba, ingawa msomaji aliye Nairobi au Kisumu naye halimpiti kando.

Wengi wenu mnaijua miji hii miwili kupitia dirisha la basi la Kampala. Malaba iko kwenye barabara kuu inayotoka Mombasa kupitia Nairobi na Eldoret, na Busia kwenye ile ya kutoka Kisumu. Huku ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walipokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Akina mama wa hapa ni wachuuzi hodari. Huvusha mitumba, samaki, mayai, ndizi na maharagwe, na hakuna awezaye kupanga foleni ya forodha akiwa na mzigo kichwani na mtoto wa miaka miwili mkononi. Kwa hivyo mtoto huachwa kituoni au kwenye nasari, mara nyingi chumba cha kupanga karibu na barabara.

Sitaki kuwalaumu walezi wa vituo hivyo. Mwanamke mmoja aliyeachiwa watoto wengi, hana ua, na nje kuna malori yaliyopanga foleni huku pikipiki zikipenya katikati yake, atafanya nini ila kufunga mlango? Linaloniudhi ni jingine. Kuna vituo vyenye ua mzuri, wenye kivuli na lango, na bado watoto hushinda ndani. Huko kikwazo ni sisi wazazi. Tunataka jioni tumkute mtoto na sare safi na daftari lililojaa herufi. Mwalimu anayewaacha watoto wachimbe mchanga tunamwita mvivu, kisha mwezi unaofuata tunamhamisha mtoto kwa jirani anayetoa kazi ya nyumbani kwa mtoto wa miaka mitatu!

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji kuuchangamsha mwili kwa dakika zisizopungua 180 kila siku, na aliye na miaka 3 au 4 atumie angalau dakika 60 kati ya hizo kukimbia, kuruka na kupanda hadi ahemewe. Tena asifungwe kitini au mgongoni kwa zaidi ya saa nzima mfululizo. Basi fanya hesabu. Mtoto yuko kituoni muda wa saa 11. Analala mchana, anakula, kisha anaketi mkekani. Akifika nyumbani giza linaingia, na nyumbani kwenyewe ni chumba kimoja chenye jiko la makaa. Hizo dakika 180 atazipata wapi?

Kinachopotea ni kikubwa. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa nguvu za jua, na mtoto asiyeipata ya kutosha mifupa yake hulegea, akapata matege. Macho nayo yanahitaji mwanga wa nje. Katika mji wa Guangzhou nchini China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka 3, watoto wapatao 30 katika kila 100 walikuwa na tatizo la kutoona mbali, hali katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba walikuwa karibu 40.

Nikisema mchezo sina maana ya mazoezi ya filimbi, watoto wakipangwa mstari na kuamrishwa wanyanyue mikono. Huo si mchezo, ni gwaride. Mchezo ninaousema ni ule mtoto anaoubuni mwenyewe, mtu mzima akiwa kando anaangalia. Wape watoto wa Malaba mitungi mitupu, tairi kuukuu na mchanga, na muda si muda wana foleni ya malori. Mmoja ni dereva, wa pili ni afisa wa forodha anayekataa kupiga muhuri, wa tatu anauza karanga. Mmoja anatoka nyumba ya Kiteso, mwenzake ya Kisamia, na mwingine mamake ni Mganda, kwa hiyo lazima watafute lugha ya kuelewana kabla lori halijaruhusiwa kupita. Hayo huwezi kuyafundisha ubaoni.

Najua utaniambia habari ya minyoo. Ni hofu ya haki, na Busia inaijua kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka wa 1998 ulianza hapa, katika shule 75 za msingi za sehemu za Funyula na Budalang'i, mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo. Wachunguzi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka wa 2004: utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua. Kremer alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019. Angalia basi dawa yenyewe ilikuwa nini. Hakuna aliyewafungia watoto darasani. Vidonge, choo safi, viatu na sabuni ndivyo vinavyozuia minyoo, na watoto wadogo hupewa dawa hizo bure wakati wa kampeni za Malezi Bora, Mei na Novemba.

Na malaria? Mbu wanaoieneza huuma zaidi usiku, kwa hivyo neti ya kitandani ndiyo ya kutazamwa, wala si mchezo wa saa nne asubuhi. Kuhusu malori sina ubishi. Mtoto asichezee kando ya barabara hata kidogo.

Lakini ua unaweza kupatikana. Uwanja wa kanisa au msikiti mara nyingi hukaa bure asubuhi za siku za kazi. Vituo vitatu vya mtaa mmoja vinaweza kuomba uwanja mmoja na kupeana zamu, na wazazi wachange fedha za ua wa mabati. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto, kwa hivyo Kaunti ya Busia ina mamlaka ya kudai kwamba kila anayefungua kituo aonyeshe mahali watoto watakapochezea, kama anavyoonyesha choo.

Wewe nawe, kabla ya kulipa ada, mwambie mwenye kituo akuonyeshe uwanja kwanza, kisha umuulize watoto hutoka saa ngapi. Mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, kwa hivyo asubuhi ndio wakati bora, pawe na kivuli na maji ya kunywa. Peleka nguo kuukuu ya kuchezea ibaki hapo kituoni. Na ukimkuta mtoto jioni ana tope magotini, usimgombeze mlezi.