Mazungumzo ya Juma: Uchovu wa Mwogeleaji



Wako watu wanaodhani ya kuwa kuogelea ni mchezo wa kujipoza tu. Mtu yumo majini, jasho lake halionekani, wala vumbi halimrukii kama mkimbiaji, akitoka anatetemeka kwa baridi, na watazamaji husema, "Huyu amepumzika." Mimi nami nalikuwa na dhana hiyo. Kisha nikafunzwa, na ada ya funzo hilo alilipa mtu mwingine ambaye hakuwa na kosa lo lote. Ndiyo sababu nimeona yafaa niwaeleze.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali huku pwani. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzitia katika majalada yake, na kuandika namba katika daftari. Ni kazi ya kukaa kitako. Nilipotimiza miaka 34 tumbo lilianza kunitangulia mlangoni, na tabibu akanishauri nifanye mazoezi. Kwa kuwa goti langu moja liliumia zamani katika kandanda ya shule, nikachagua kuogelea, maana maji huubeba mwili na magoti hayapati taabu.

Mwanzoni nalienda bwawani siku tatu kwa juma, na afya yangu ikawa njema. Kisha likatangazwa shindano la mita 400 baina ya idara, nami nikaingiwa na tamaa. Tangu Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliposhinda dhahabu ya mita 50 kwa mtindo wa kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi mwaka 2010, hapana awezaye kusema kwamba mchezo huu si wa Wakenya. Basi nikaongeza siku zikawa sita. Nikawa naamka saa kumi na nusu alfajiri, naogelea mita 3,000, na saa mbili kamili nimekwisha keti mezani pangu. Chakula changu cha asubuhi kilikuwa kikombe cha chai ya rangi, kwa sababu muda haukutosha. Usiku nalilala saa tano, baada ya kuwasimamia watoto katika masomo yao.

Katika juma la tano mikono ilianza kuwa mizito. Mwendo niliokuwa nikiuweza zamani kwa raha sasa uliniumiza, nami nikadhani dawa yake ni kuongeza bidii. Nyumbani nikawa mkali kwa mambo madogo. Ofisini herufi zilicheza mbele ya macho yangu.

Siku hizo alikuja mzee mmoja, mkulima kutoka bara, kufuatia malipo ya marehemu mwanawe aliyekuwa mtumishi wa serikali. Nalipokea karatasi zake kwa heshima, lakini kichwa kilikuwa kama gunia la chumvi. Penye 371 nikaandika 317, na jalada likaenda katika kabati lisilo lake. Mzee akaambiwa arudi baada ya majuma mawili. Akarudi, jalada halikuonekana. Akarudi tena, halikuonekana. Safari hiyo alisema, bila ukali wo wote, kwamba nauli aliipata kwa kuuza mbuzi.

Nikapekua makabati yote mpaka adhuhuri, nikaliona. Nilipotazama mwandiko nikatambua ni wangu. Nikamwendea mzee katika benchi, nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Jalada limepatikana, na kosa lilikuwa langu."

Akanitazama macho, ambayo yalikuwa mekundu kwa dawa ya maji na kwa kukosa usingizi. "Marahaba," akasema. "Kwani wewe, bwana karani, usiku unalinda duka la nani?"

Naliona haya kumjibu kwamba silindi duka, naogelea. Hata hivyo nikamweleza. Hakucheka. Akasema, "Mwanangu, ng'ombe wangu wa plau nikimlimisha asubuhi, jua likipanda namfungua akale. Wewe nani hukufungua?"

Sikuwa na jibu. Mkubwa wangu naye alinionya kwa maandishi, na alikuwa na haki. Jioni ile nikaenda kwa mwalimu wetu wa kuogelea, si kwa kuuliza namna ya kuongeza mwendo, bali kuuliza habari za kupumzika. Haya ndiyo niliyojifunza kwake, na kwa kusoma baadaye.

Nguvu ya misuli katika mazoezi makali hutoka hasa katika wanga, yaani vyakula kama ugali, wali, viazi, ndizi na mkate. Mwili huweka akiba ya wanga kwa namna iitwayo glikojeni. Ghala hilo si kubwa: kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500 katika misuli, na kama gramu 100 katika ini. Mazoezi makali hulipunguza sana, na kulijaza upya huchukua kama siku nzima, tena ikiwa mtu amekula vya kutosha. Mkulima atanielewa upesi: anayetoa madebe mawili kila siku na kutia moja, siku moja atakuta panya peke yao ghalani.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1988 mtaalamu mmoja wa Marekani, David Costill, pamoja na wenzake, walitangaza habari za waogeleaji 12 ambao kazi yao iliongezwa kwa siku 10, kutoka mita 4,266 kwa siku hadi mita 8,970. Wanane walistahimili. Wanne walishindwa, na misuli yao ilipopimwa ikaonekana ina glikojeni haba, kwa kuwa walikuwa wakila wanga kidogo kuliko kazi waliyoifanya. Angalieni ya kuwa hawakuwa wavivu. Walikuwa na njaa ambayo wenyewe hawakuitambua. Tena mwaka 1991 Costill na wenzake walionyesha kwamba waogeleaji waliofanya mazoezi mara mbili kwa siku kwa muda wa majuma sita hawakuwapita wenzao walioshika mara moja kwa siku.

Yako na mambo mawili ambayo maji huyaficha. La kwanza ni jasho: mwogeleaji hutoka jasho kama mtu mwingine, ila maji hulichukua asilione. La pili ni baridi. Maji ya bwawa la mashindano huwa na joto la nyuzi 25 hadi 28, na mwili una nyuzi 37. Nayo maji hunyang'anya mwili joto upesi zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kwa hiyo anayekaa majini muda mrefu hutumia nguvu, na mwili wake hupoteza joto pia.

Watu wengi husema kwamba maumivu ya siku ya pili yaletwa na asidi iliyobaki katika misuli. Sivyo. Kitu hicho, kiitwacho lakteti, huondoka katika damu kwa muda wa kama saa moja. Maumivu ya kesho yake hutokana na nyuzi za misuli zilizopata majeraha madogo madogo, nazo hujengwa upya kwa chakula na usingizi.

Sasa nitataja kanuni ninazozifuata.

Kwanza, usitoke majini ghafula baada ya kazi kali. Ogelea mita 200 hadi 400 polepole, ili moyo utulie na lakteti iondoke mapema.

Pili, kula katika saa ile ya kwanza, hasa ikiwa utafanya mazoezi tena siku hiyo au kesho asubuhi. Mtu wa kilo 70 yamfaa kama gramu 70 za wanga pamoja na gramu 20 za protini. Hesabu hiyo haihitaji unga wa kopo unaouzwa kwa bei kubwa. Ndizi mbivu mbili na vipande viwili vya mkate, pamoja na mayai mawili na bilauri ya maziwa, vyatosha. Mimi hufungasha usiku na kula nikiwa katika matatu.

Tatu, kunywa maji. Ukiwa na mizani, jipime kabla na baada. Kila kilo moja iliyopungua yataka kama lita moja na nusu ya maji, yakinywewa kidogo kidogo katika saa zifuatazo. Asiye na mizani na atazame mkojo wake: ukiwa mweusi mweusi kama chai, bado hajanywa vya kutosha.

Nne, lala. Mtu mzima yampasa apate saa saba au zaidi, na kijana wa shule ya sekondari saa nane hadi kumi. Mimi nalikuwa nikilala saa tano na nusu na kujiita shujaa. Ikiwa hamwezi kulala mapema, afadhali kuacha mazoezi ya alfajiri hiyo kuliko kuuacha usingizi.

Tano, siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi, na katika juma iwepo siku moja ya kupumzika kabisa. Waogeleaji wakubwa hupunguza kazi katika majuma mawili au matatu kabla ya mashindano, na ndipo mwendo wao huongezeka. Shamba lililopumzishwa halijaachwa.

Sita, hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hujainuka kitandani, uyaandike. Yakizidi desturi yako kwa mapigo kama 10, na mwili ni mzito, siku hiyo ogelea kidogo au usiende.

Lakini si kila uchovu ni wa mazoezi. Ukipumzika juma zima na hali haibadiliki, nenda hospitali. Katika nchi yetu malaria huweza kuanza kwa ulegevu na maumivu ya mwili, na mtu akadhani ni kazi ya jana. Upungufu wa damu nao huleta uchovu na kukosa pumzi, hasa kwa wanawake na vijana wanaokua. Hapa nina neno juu ya chai tunayoipenda: ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Yafaa ingoje kama saa moja. Chungwa au nyanya pamoja na chakula husaidia madini hayo yaingie.

Neno la mwisho ni kwa wenzangu wanaoogelea baharini. Mtu aliyechoka asiingie majini peke yake, wala asishindane na mkondo maji yanapotoka. Wala vijana wasishindane kukaa chini ya maji bila kupumua. Mtu huweza kuzimia humo bila kupiga kelele, na wenzake wakadhani anacheza.

Mtauliza habari za shindano. Nalirudi katika siku nne kwa juma, nikaanza kula na kulala, na siku ya shindano nikawa wa nne katika watu tisa, kwa mwendo mwema kuliko wo wote niliopata kuwa nao. Mzee alilipwa haki ya mwanawe miezi miwili baadaye. Nalijaribu kumrudishia nauli ya safari zile zilizopotea; akachukua nusu, akasema nusu nyingine ninunulie maziwa.

Tangu siku hiyo kila namba ninayoiandika katika daftari huisoma mara mbili, na asubuhi ambayo siwezi kuisoma mara mbili bila kusinzia, jioni yake siendi bwawani.