Kabla ya skana, nionyesheni meza ya kurudishia mkanda

Wadau, leo nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe si na watu wasiojua kompyuta. Ni na wenzangu, sisi tunaoandika programu na kuwauzia watu mifumo.

Hapa Kakamega kila mtu anataka "kuingia dijitali". Ofisi za serikali zinataka, makanisa yanataka, shule kongwe zinataka. Lengo ni zuri, tena ndilo linalonilipia kodi ya nyumba. Lakini ikifika zamu ya filamu, nasema filamu halisi za mkanda, zilizozungushwa kwenye rili na kufungiwa ndani ya makopo ya bati, tunatoa ushauri wa kijinga kwa bei ya juu. Tunaorodhesha skana. Tunaorodhesha seva. Tunaorodhesha "wingu". Hakuna anayeorodhesha mashine ya kurudisha mkanda, na bila mashine hiyo vyote vingine ni mapambo ya ofisi.

Ni mashine gani? Waliotutangulia wanamkumbuka mdogo wake: kile kisanduku cha umeme cha kurudishia kanda za VHS kilichokaa kwenye kaunta za maktaba za video. Mdogo wake wa mwisho ni kalamu ya Bic ndani ya kaseti ya muziki. Mkubwa wao sasa ni meza yenye mihimili miwili. Rili iliyojaa inakaa upande huu, rili tupu upande ule, mota inazungusha ile tupu na mkanda unahama. Basi. Hakuna lenzi, hakuna taa ya kuunguza, hakuna magurudumu ya meno yanayokamata matundu ya pembeni mwa mkanda. Hilo la meno liwekeni akilini, nitalirudia.

Sababu ya kuwapo kwake ni ya kitoto kabisa. Filamu ikishapita kwenye projekta, mwisho wake ndio unabaki juu na mwanzo umezikwa ndani. Usipoirudisha, watazamaji wa kesho watamwona waziri kichwa chini akiingia garini kinyumenyume. Sisi wa kompyuta tunaijua dhana hii vizuri kuliko tunavyokiri. Lugha ya C ina amri ya rewind() mpaka leo. Ile tar unayoitumia kufungasha mafaili, jina lake linatokana na maneno yenye maana ya hifadhi ya mkanda. Na aliyewahi kuhifadhi data kwenye mkanda kwa Linux anajua tofauti ya /dev/st0 na /dev/nst0: ya kwanza hurudisha mkanda mwanzo kila ukimaliza, ya pili hukuacha ulipo. Ukichanganya hizo mbili, hifadhi ya leo inakaa juu ya hifadhi ya jana. Taaluma yetu ililelewa kwenye meza ileile, halafu leo tunajifanya hatuijui.

Tuangalie kwanza mashine hii iliwahi kubeba nini, maana si kitu cha Hollywood peke yake. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018 kuhusu sinema za Tanzania, ameeleza jinsi nakala moja ya filamu ilivyoweza kuonyeshwa majumba mawili usiku mmoja, vijana wa baiskeli wakikimbiza rili kutoka jumba hili hadi lile. Piga hesabu. Rili ya futi 1,000 ya mkanda wa milimita 35 huisha kwa dakika 11 hivi. Ndani ya muda huo iliyotangulia lazima irudishwe, ipakiwe, ivuke mji na ivalishwe kwenye projekta ya pili. Ukiirudisha polepole, watu wameshaanza kupiga miluzi. Mota hapo haikuwa anasa.

Huku kwetu bara hadithi ilikuwa ya magari. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na lile jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, makao yake Vugiri kule Tanganyika, chini ya Meja L. A. Notcutt. Walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na kusini yake. Zilizosalia leo unazihesabu kwa vidole. Mwaka 1939 Waingereza wakaanzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na baada ya uhuru Wizara ya Habari ya Kenya ikaendelea na sinema za gari: jenereta, kitambaa cheupe, kipaza sauti na projekta ya milimita 16 katika uwanja wa shule. Kakamega ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi hadi mfumo wa kaunti ulipoingia 2013. Magari yalikufa, projekta zikauzwa kama vyuma chakavu, lakini makopo hayana mnunuzi. Kwa hiyo makopo ndiyo yaliyobaki, chini ya mafaili, juu ya kabati, nyuma ya viti vilivyovunjika.

Ofisi moja ya huku magharibi, jina naliacha, iliniita niwape maoni kuhusu mradi wa kuhifadhi kumbukumbu. Bajeti ilikuwa tayari. Seva ilikuwemo, tabuleti zilikuwemo, hata fulana za siku ya uzinduzi. Stoo ilikuwa na makopo ya filamu yaliyoota kutu, mengi yakiwa na karatasi zisizosomeka. Nikauliza: nani atayafungua, na atauzungusha mkanda kwenye nini? Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Kijana, hayo ni mambo ya zamani, sisi tunaenda mbele." Mstari wa meza ya kurudishia mkanda niliouongeza ulikatwa. Fulana zilibaki.

Sasa twende kwenye uhandisi, maana hapa ndipo wenzangu hudhani hakuna la kujua. Eti mota ni mota, washa izunguke.

Chukua rili ya futi 1,600 ya milimita 16, yaani kama mita 488. Kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, hiyo ni filamu ya dakika 44. Unene wa mkanda ni takriban milimita 0.15. Kitovu cha rili kikiwa na nusukipenyo cha sentimita 6, hesabu ya kawaida ya eneo la duara inakupa nusukipenyo cha kama sentimita 16 rili ikijaa. Mota ikizunguka kwa mwendo mmoja tangu mwanzo, mkanda wenyewe utamaliza ukikimbia zaidi ya mara mbili na nusu ya kasi ulioanza nayo. Upande wa pili, breki inayozuia rili isijifungue ovyo nayo ina hila zake. Ikiwa inabana kwa nguvu ileile, mvuto kwenye mkanda unaongezeka kadiri rili inavyopungua. Kasi inapanda na mvuto unapanda, vyote viwili pamoja, vyote viwili karibu na mwisho. Hapo ndipo mkanda mkavu wa miaka 60 unakatika na kupiga meza kama mjeledi.

Hata usipokatika, hujapona. Ukiuzungusha mkanda kwa kulegea mwanzoni na kwa kukaza mwishoni, matabaka ya ndani yanateleza moja juu ya lingine, na vumbi limo katikati. Ile "mvua" inayonyesha kwenye filamu za zamani, sehemu yake huzaliwa mezani hapo, si kwenye projekta. Ndiyo maana mashine nzuri ya kurudisha mkanda haisifiwi kwa kasi. Inasifiwa kwa kuanza taratibu, kwa kanyagio linalotii mguu, kwa breki inayorekebishika, na kwa kuruhusu mota iachanishwe kabisa ili uzungushe kwa mkono. Projekta nyingi za milimita 16 zina swichi yao ya kurudisha mkanda, najua, msiniandikie. Swichi hiyo inarudisha mkanda bila wewe kuuona wala kuugusa, na kuugusa ndiyo nusu ya kazi.

Kwa sababu mkanda unapopita mbele yako polepole, vidole vikiwa ndani ya glavu za pamba ukingoni mwake, ndipo unagundua maungio yaliyoachia gundi, matundu yaliyochanika, sehemu iliyojikunja. Pua nayo inafanya kazi. Mkanda wa asetati ukianza kuoza hutoa asidi ileile iliyo kwenye siki, na asidi hiyo huchochea uozo zaidi, kwenye kopo hilo na kwenye majirani zake. Ukioza unasinyaa. Ukisinyaa, matundu hayalingani tena na meno ya projekta, na projekta haina huruma, itayararua moja baada ya jingine. Sasa mnaona kwa nini nilisema mkumbuke meno? Meza ya kurudishia haina hata moja. Ndiyo mashine pekee katika ukoo huu unayoweza kumkaribisha mgonjwa ambaye hali yake huijui.

Jibu la wenzangu nalijua: skana za kisasa nazo hazina meno. Kweli, zile za kuhifadhia kumbukumbu huvuta mkanda kwa roli laini. Lakini skana haikuungii pale palipoachia. Itasimama tu, au itakatia mkanda ndani ya tumbo lake, nawe umeikodi kwa saa. Kubwa zaidi ni hili. Dakika 44 kwa picha 24 kila sekunde ni picha 63,360. Kila picha ukiitoa kwa ubora wa 2K bila kuibana ni takriban megabaiti 12.7. Rili moja, gigabaiti 800. Una makopo 200 stoo na hujui hata moja lina nini. Utazijaza diski zako kwa nakala 30 za tangazo moja la sabuni, halafu ile rili moja yenye sura za wazee wa Lurambi sokoni iozee kwenye foleni. Meza ya kurudishia, kioo cha kukuzia na taa nyeupe chini ya karatasi ndivyo vinavyokuambia ipi itangulie. Hakuna algorithimu itakayochagua kopo ambalo halijafunguliwa.

Na msinitishe na "teknolojia ya zamani". Nakala za dijitali zinazotakiwa kudumu zinawekwa wapi kwenye vituo vikubwa vya data? Sehemu kubwa huwekwa kwenye mikanda ya LTO. Kaseti ya LTO ina rili moja tu. Ya pili imo ndani ya mashine, kwa hiyo kaseti haiwezi kutoka mpaka mota iurudishe mkanda wote. Mmekimbia mota ya kurudisha mkanda mkaangukia nyingine, ila hii imefichwa ndani ya sanduku na inawatoza zaidi. Mashine ya LTO-8, iliyotoka 2017, haisomi mkanda wa LTO-5 wa 2010. Miaka saba tu. Mkanda wa milimita 16 ulianza 1923, na ukiuinua dirishani leo unaona picha kwa jicho lako.

Kitu kinachonikera zaidi ni kwamba hii ndiyo mashine katika orodha nzima tunayoweza kuitengeneza wenyewe. Skana tutaagiza. Seva tutaagiza. Lakini mhimili, beringi na breki ya kipande cha ngozi, ni fundi gani wa jua kali atashindwa? Mota ya cherehani ipo kwenye baraza la kila fundi nguo mjini, nayo tayari imezaliwa na kanyagio la kupunguza na kuongeza kasi. Inazunguka haraka mno, sawa, basi ifunge mkanda wa puli kubwa upate nguvu na utulivu. Nyaya zote zifunikwe. Meza iwe safi kama ya kukatia vitenge. Taasisi zinazotangaza tenda ya mamilioni zingeanza hapa, zikampa kijana mmoja miezi michache ya kufungua, kunusa, kuunga na kuandika kwenye lahajedwali nini kimo. Lahajedwali hilo mimi niko tayari kulitengeneza bila malipo, na si kazi kubwa.

Tahadhari mbili kabla hamjakimbilia stoo. Watu husema filamu za zamani huwaka moto zenyewe. Hiyo ni nitrati, iliyotumika kwenye mikanda ya milimita 35 hadi mapema miaka ya 1950. Mikanda ya milimita 16 imekuwa ya aina isiyowaka haraka hivyo tangu ilipoanza. Ukikuta kopo la milimita 35 la umri huo, usiliguse, waite watu wa Nyaraka za Kitaifa Nairobi. Na ukifungua kopo likanuka siki, liweke mbali na mengine, penye ubaridi na hewa inayopita, na mota usiiwashe kabisa. Hilo zungusha kwa mkono.