Kifaranga na Haki Yake ya Giza

Wako wafugaji waaminio kwamba kifaranga asiyelala ndiye anenepaye upesi. Taa yao huwaka bandani usiku kucha, tangu siku ya kwanza hata siku ya kuchinja, na kila saa ya usingizi huhesabiwa kuwa hasara. Msomaji, usiipokee hoja hii kwa kuwa imevaa kanzu ya elimu. Ndani yake mna tamaa tu.

Nakubali sehemu yake moja. Kifaranga aanguliwapo huja na mabaki ya kiini cha yai tumboni, akiba ya siku mbili tatu. Kifaranga wa mashine hana mama wa kumwonyesha maji wala punje. Basi katika siku hizo mwanga mwingi, hata wa saa 23, wamfaa ili ajue mahali pa kula. Akiisha kujua, taa ya nini?

Kuku wa nyama wa siku hizi huuzwa akiwa na majuma matano au sita. Nyama yake hukua mbio kuliko mifupa na moyo wake. Alishwapo usiku na mchana, miguu hupinda, tumbo hujaa maji, na wengine hufa ghafula wakiwa wanene wa kupendeza. (Maiti huyo mnene hatajwi na wasifuo taa.) Apewaye giza huwa mwepesi kidogo mizanini katika majuma ya kwanza, lakini baadaye humkaribia mwenziwe, tena akiwa na miguu imara. Umoja wa Ulaya uliamuru mwaka 2007 kwamba kuku wa nyama wapewe giza la saa 6 kwa siku, na 4 kati yake zisikatizwe.

“Nikizima taa watakufa kwa baridi,” atasema mtu. Huyo amechanganya joto na mwanga. Jiko la makaa hutoa joto pasipo kuangaza banda zima. Na libaki, mradi hewa ipite. “Watashinda njaa,” atasema mwingine. Giza likija saa ile ile kila siku, kuku hulizoea, naye hujaza kifuko chake cha shingoni kabla halijaingia. Kinachomdhuru ni taa izimwayo leo saa 2 na kesho saa 6.

Basi anzeni kwa saa moja ya giza, mkiongeza kidogo kidogo, hata mzime saa 4 usiku na kuwasha saa 10 alfajiri.