Acha Kuzima Feni ya Laptopu Yako, Kwanza Ioshe

Swali huwa ni lilelile kwa inboksi yangu: "Bro, nimeweka Ubuntu kwa ThinkPad, sasa feni inanguruma kama mashine ya unga. Naizima aje?" Jibu langu watu hawalipendi. Usiizime.

Tuseme ukweli, wengi wetu laptopu zetu ni ex-UK za Luthuli na Moi Avenue. Zimechapa kazi kwa ofisi ya mtu miaka kadhaa kabla zipande meli. Ile pesti inayotoa joto kutoka kwa prosesa imekauka, vumbi nalo limeziba pale hewa inatokea. Joto likikosa njia, feni inakimbia zaidi. Sasa wewe unataka kuinyamazisha? Prosesa nyingi za Intel zikikaribia digrii 100 hujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Halafu unashangaa video ya dakika tano inachukua lisaa kutoka, na mteja alisema anaitaka saa kumi na mbili jioni.

Kwa hivyo kabla uguse mpangilio wowote, weka lm-sensors, andika sensors kwa terminali, usome digrii. Kama hujafungua kitu ila brauza na uko 80, shida yako si Linux. Tafuta fundi aifungue mkiwa pamoja, apulize vumbi, apake pesti mpya. Akianza kukuambia ununue laptopu ingine kabla hata ashike bisibisi, beba mashine yako muende.

Lakini pia sikubaliani na wale wazee wa "wacha, kompyuta inajua yenyewe". Haijui kama unarekodi sauti. Kuna laptopu safi kabisa ambayo feni yake inapaa, inatulia, inapaa tena, na yote yanaingia kwa maiki. Hapo una haki ya kushika usukani.

Kwa ThinkPad, kerneli inakuja na moduli inaitwa thinkpad_acpi. Udhibiti wa feni umefungwa makusudi, kwa usalama, mpaka wewe mwenyewe uweke fan_control=1. Ukishafungua, unapata kasi za 0 hadi 7, na programu ya thinkfan inachagua moja kwa kuangalia joto na jedwali uliloandika. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaandika feni iwake kwa 60 na izime kwa hiyo hiyo 60, basi inawaka na kuzima kama indiketa ya matatu. Acha nafasi katikati: ipande ikifika 60, ishuke ikirudi 52. Na mstari wa juu kabisa usiwe na ubahili, weka 7. Hiyo moduli ina mlinzi pia. Programu ikikaa kimya kupita muda uliowekwa, ambao hauzidi sekunde 120, feni inarudishwa kazini. Huyo mlinzi usimzime, tafadhali.

Wenye HP na Acer, hayo ya thinkpad_acpi hayawahusu. Jaribuni NBFC-Linux, ina faili za modeli tofauti tofauti. Kama modeli yako haimo, usichukue faili ya modeli inayofanana nayo eti "ni kama hii tu". Unaandika namba gizani ndani ya chipu inayosimamia feni, na ikienda noma hakuna mtu wa kulipia bodi isipokuwa wewe.

Yangu ni T480. Chini ya digrii 50 feni imelala kabisa. Nikitaka kurekodi nafunga brauza na ile programu ya video, nangoja kidogo ipoe, ndio nawasha maiki. Napata kama dakika kumi za kimya kabla iamke, na sauti ya video zangu haijawahi kupita dakika nane.